Kipimo cha PCR cha wasafiri Unguja: maabara safi, mezani ndo balaa

Mie kazi yangu kubeba wageni, Nungwi na Kiwengwa mpaka mjini na eapoti, kwa hiyo wakati wa korona kituo cha kupimia wasafiri nilikuwa nashinda hapo kila leo. Kituo sikitaji, waliopita wanakijua.

Watu wengi walilaumu maabara eti inachelewesha majibu. Si kweli yakhe. PCR, yaani kile kipimo cha kutafuta kirusi cha korona kwenye ute wa puani, mashine yenyewe inamaliza kwa masaa machache tu, na inapima sampuli nyingi kwa mpigo, ile sahani yao ya kawaida ina vishimo 96, sasa mtu akija mapema peke yake lazima asubiri wenzake wajae ndo iwashwe, hapo utamlaumu nani? Na utaalamu upo siku nyingi, Pemba pale Wawi maabara ya Ivo de Carneri ipo tangu 2000.

Shida ilikuwa mezani, pale pa kuandikisha wasafiri. Mgeni keshajaza fomu kwa intaneti, keshalipa, akifika anaandikwa upya kwa mkono kwenye daftari, tena mwandishi anaulizia jina kwa mdomo paspoti ipo mkononi mwa mtu! Jina la Kipoland we unaliandika kwa kusikia? Majibu yanatoka hana korona, alhamdulillah, lakini namba ya paspoti imepishana tarakimu moja na kule kaunta ya ndege hawataki hadithi. Kurekebisha hiyo tarakimu moja wallahi kunachukua muda kuliko kupima, maana aliyeandika keshaondoka na maabara wanasema sisi tunachapa tulicholetewa.

Halafu saa. Nchi nyingi zilitaka kipimo kisichozidi masaa 72 kabla ya safari, na yanahesabiwa tangu kijiti kinapoingia puani, sio tangu karatasi inapotoka. Anayeruka Jumatatu usiku ukimpima Ijumaa mchana ushamtia hasara, na hela harudishiwi. Pale mlangoni kulikuwa na mtu wa kupima joto, mtu wa sanitaiza, mtu wa kukwambia vaa barakoa vizuri, hakuna hata mmoja wa kuuliza "ndege yako lini?" Suala hilo tu lingeipanga foleni nzima, wa kesho wapite mbele, wa keshokutwa wakanywe chai warudi.

Vijana wa kuchukua sampuli nawavulia kofia. Mkono mwepesi, stika inabandikwa kwenye kichupa mbele yako, moja kwa moja kwenye boksi la barafu, na wamevaa yale magauni ya plastiki ndani ya joto la kaskazi. Watoto wa wageni walikuwa wanaingia wanalia wanatoka wanacheka.

Nyota: maabara 5, vijana wa sampuli 5, mezani 1 na hiyo nimeona haya tu. Jumla nawapa 3. Likija gonjwa jengine, Mungu aepushe, wanunue mashine ya kusomea paspoti kabla ya kununua mahema. Na choo, kimoja kwa umati wote ule jamani!