Mpira wa Futiboli wa Mwaka 1901: Bei Imeniuma, Lakini Tazama Unavyodunda!

Haya wadau, mambo vipi? Karibuni tena. Mzigo wenyewe huu hapa: mpira wa futiboli ya Kimarekani, umetengenezwa kwa kufuata ile ya zamani, na kwenye boksi wameandika 1901 kwa rangi ya dhahabu. Ngozi, bladda ndani, kamba ya kufungia juu, hayo mnayajua, tusonge.

Bei kwanza, maana imeniuma. Dola 140, na usafiri juu yake! Halafu sogea karibu uone mshono huu wa pembeni. Uzi umeshachomoza na mpira bado mpya kabisa. Hii video nilipanga iwe ya kulalamika mwanzo mwisho.

Sasa angalia umbo. Mnene kama tikiti. Mkono wangu huu, nikijaribu kuushika niurushe kama wanavyorusha wa siku hizi... umeona? Unateleza. Lakini mwaka 1901 nani alikuwa anarusha? Kurusha mbele kulikuwa marufuku mpaka 1906, na mpira wenyewe ukaja kukondeshwa 1912. Huu ulikuwa wa kubeba na kupiga.

Na kupiga ndiko kulikonimaliza. Tazama hapa, nitafanya taratibu. Naushika wima, mikono miwili. Nauachia, unagusa chini, na hapo hapo unapoinuka mguu unaupata. Paa! Umenyooka. Tena. Naachia, unagusa, paa! Kwa nini? Ncha yake ni butu, kwa hiyo ukidondoka sawa unarudi sawa. Chukua huu wa kisasa, ncha kali. Naachia... haya, umeenda uvunguni mwa gari la jirani. Jirani samahani, nakuja kuutoa.

Msidhani ni mbwembwe tu. Enzi hizo ukiupitisha juu ya mwamba katikati ya nguzo unapata pointi 5, sawasawa na tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani! Na unapewa majaribio matatu tu ya kusogea yadi 5. Mguu ulikuwa na thamani.

Ndiyo maana msimu wa Chuo Kikuu cha Michigan wa 1901 unanichanganya. Mechi 11, wameshinda zote, pointi 550 kwa sifuri. Sifuri, wadau, hakuna aliyewagusa msimu mzima! Buffalo walikula 128. Ohio State, chuo kingine ambacho leo ndio mahasimu wao wakubwa, walijitahidi, wakafungwa 21 tu. Na sehemu kubwa ya hizo pointi hawakuzitafuta kwa mguu, ni mbio. Kocha Fielding Yost alikuwa mpya pale, wakimwita Hurry Up kwa vile alivyowakimbiza: jaribio moja likiisha, jingine limeshaanza, wapinzani bado wanafuta vumbi. Halafu ana Willie Heston, kijana aliyetoka California, mbio si mchezo.

Utamu uko Chuo Kikuu cha Stanford. Yost alikuwa kocha wao 1900, wakaja na sheria kwamba kocha lazima awe amesoma hapo hapo. Akaondoka. Januari 1, 1902, Michigan na Stanford wanakutana Pasadena, California, mechi ya kwanza kabisa ya Rose Bowl, ile mechi ya mwaka mpya ya futiboli ya vyuo. Michigan 49, Stanford 0! Neil Snow wa Michigan peke yake tachidauni tano. Michigan walitumia wachezaji wale wale 11 bila kubadilisha hata mmoja. Zikiwa zimebaki dakika 8, nahodha wa Stanford akaomba yaishe, Michigan wakakubali. Waandaaji nao wakaona mchezo hauna mvuto, futiboli haikurudi pale mpaka 1916.

Kuna chaneli nyingine, siitaji, walifungua boksi la mpira huu huu wakausifia harufu ya ngozi dakika nzima. Hata kuudundisha hawakuudundisha! Jamani.

Ukitaka wa kurusha na watoto uwanjani, achana nao, chukua wa kisasa wa bei poa. Mimi ule uzi nitautia sindano mwenyewe, na mpira siuzi. Mnaouliza kama upo mdogo zaidi, upo, ila bei yake haijashuka kivile. Jumamosi tuko laivu, nitawapa watakaojitokeza waupige, na anayetaka kuja na viatu vyenye njumu aje navyo, nyasi zenyewe zina matope.