Fundi wa chokaa hapa Leicester: kazi safi, simu hapokei

Kwa jamaa wanaotafuta nyumba Highfields au Clarendon Park, hizi za matofali mekundu zilizoshikana mtaa mzima, za kabla ya 1919: huyu fundi anayejaza upya maungio ya matofali kwa chokaa nampa nyota nne. Ya tano ameikosa kwa simu.

Kabla ya kununua tulilipia ukaguzi wa daraja la 3, yaani ule wa kina wa hali ya nyumba, maana ule wa benki unaangalia thamani tu. Ripoti ikasema maungio ya matofali yamechoka. Kweli, ukuta wa nyuma ukiukwangua kwa ufunguo, mchanga unamwagika. Tulimwonyesha muuzaji, akashusha bei. Ukuta wa mbele ndio ulionikosesha usingizi. Maungio yake yalishazibwa kwa saruji zamani, na saruji yenyewe ilikuwa imara kabisa, ila matofali ndiyo yaliyokuwa yamebanduka nyuso, mengine unatia kidole ndani.

Mafundi wengine niliowaita walitaka kupiga saruji juu ya saruji. Huyu alinieleza kwamba kuta hizi ni nzima, hazina uwazi katikati. Mvua inaingia, na lazima maji yatoke kupitia maungio. Ukiziba kwa saruji, yanatokea kwenye tofali. Yakiganda wakati wa baridi yanavimba, na uso wa tofali unabanduka. Sisi tuliokulia Mji Mkongwe somo hili tunalijua. Ukuta wa mawe na chokaa ukipigwa lipu ya saruji, haukawii kufura na kutoa chumvi.

Sasa kazi yake. Saruji yote aliitoa kwa tindo na nyundo, grenda hakuigusa, akachimbua hadi kama milimita 25. Akafagia vumbi, akarashia maji. Chokaa ni NHL 3.5 (chokaa asilia inayoshika kwa maji, ya nguvu ya wastani), kipimo 1 kwa 3 vya mchanga wa chembechembe, usio laini. Aliishindilia kwa mwiko mwembamba, tabaka baada ya tabaka, na ilipoanza kushika akaigongagonga kwa brashi ngumu mpaka chembe za mchanga zikaonekana. Kisha akafunika kwa magunia mabichi, na kila asubuhi akapita kuyalowesha. Matofali yaliyoharibika aliyabadilisha kwa ya kale ya kipimo kilekile.

Mimi nilitaka aanze Februari. Akakataa katakata, kwa sababu chokaa haipatani na baridi ya chini ya nyuzi 5. Alikuja Mei.

Bei yake ni karibu mara mbili ya wale wa saruji, na kwangu imestahili. Majira ya baridi yamepita, sebule haina tena harufu ya ukungu, na rangi ya ukutani imetulia. Udhia ni kumpata tu: hapokei simu, na foleni yake ni ya miezi. Mtumie ujumbe wenye picha ya ukuta, hapo hujibu haraka. Mwenye kumhitaji aniandikie nimpe namba.