T480 ya mtumba, inaenda mwaka wa tano steshenari Ujiji

Niseme mapema, hii mashine sikuinunua mpya na wala siyo nzuri machoni. Ni laptop, Lenovo ThinkPad T480, nyeusi, nene, kwenye kava kuna alama ya stika ya ofisi fulani ya Ulaya iliyobanduliwa kwa kucha. Niliichukua Juni 2021 kwa laki nane na nusu na tangu hapo haijapumzika zaidi ya siku mbili mfululizo. Mi nina steshenari Ujiji, kwa hiyo nikisema nimeitumia maana yake nimeitumia kweli, barua za maombi ya kazi, ajira potali, fomu za mkopo wa chuo, pasipoti saizi, kadi za harusi, afu siku matokeo yakitoka ndo usiseme. Watu kila siku wananiuliza pale kaunta, dada laptop gani ninunue ikae, nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kabla yake nilikuwa na mpya kabisa, ya dukani, na nailoni zake, jina la kampuni naliacha. Laki sita. Nyembamba, rangi ya dhahabu, nikaipenda kama mtoto mchanga. Prosesa ya Celeron, zile dhaifu, RAM GB 4 (kumbukumbu ya kazi ulizofungua), na ndani GB 64 za eMMC, yaani pa kuhifadhia vitu, mi nikaona 64 si nyingi tu mbona simu yangu ina 32 na nadunda nayo. Haikufika mwaka. Windows ikitaka apdeti inasema nafasi haitoshi, nafuta picha za wateja, inajaa tena, nikifungua Word na brauza pamoja mteja anaweza kwenda kununua maji akarudi bado kile kiduara kinazunguka. Nikapanda daladala nayo mpaka kwa fundi wangu Mwanga, nikamwambia niongezee RAM na diski. Akaifungua, akaigeuza nione mwenyewe: "Dada'angu, vyote hivi vimechomelewa kwenye bodi. Hakuna pa kuchomeka kitu." Nikamuuliza sa nifanyeje. Akasema iuze ikiwa bado inang'aa.

Ndo siku hiyo akanipa swali ambalo mpaka leo naiuliza kila laptop inayoletwa mbele yangu: humu ndani kipi kikinishinda huko mbele siwezi kukibadilisha? Hicho ndo unakilipia leo hata kwa kukopa. Vingine vyote unaweza kuviacha mpaka hela ipatikane.

Prosesa, ule ubongo wa mashine, ni ya kwanza. Kwenye laptop za siku hizi hubadilishi, umeinunua umeioa. Na hapa ndo watu wanapigwa, maana muuzaji anapaza sauti "Core i7 hiyo!" na mteja anatoa hela. Sasa i7 ya lini? Angalia namba zinazofuata baada ya kistari. i7-4600U ni ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013, ina kori (vile viini vinavyogawana kazi) mbili tu. i5-8250U, kizazi cha 8, ya 2017, ina kori nne. Hiyo i5 inaipita hiyo i7 mbali, lakini ukimwambia mtu anadhani unamwonea wivu. Ukikuta namba kama 1135G7 hiyo ni kizazi cha 11, usije ukadhani ni cha kwanza.

Mi nilikuwa nataka T470, ya kizazi cha 7, bei yake ilikuwa chini ya hii kwa laki na nusu hivi na kwa nje ukiziweka pamoja hata mimi leo sizitofautishi haraka. Fundi akakataa, akasema chukua ya 8 kwa sababu ya kori nne, basi. Hakuna aliyekuwa anajua kitakachotokea. Oktoba mwaka huohuo 2021 Windows 11 ikatoka, Microsoft wakasema kwa prosesa za Intel wanaanzia kizazi cha 8 na iwe na TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ndani ya mashine. Kidogo tu pale nilikuwa nimebaki nje ya mlango. Jirani yangu mwenye duka la spea za pikipiki alichukua ile T470, akanicheka nimetupa hela, na 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilipofikia mwisho wa msaada wa kawaida, yaani apdeti za kawaida zikakoma, akaja dukani kwangu taratibu kuuliza. Mashine yake nzima, haina tatizo, tukamwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na anaendelea kuandika madeni ya watu vizuri tu. Ila mimi kuna programu ya kuhariri picha nimeizoea haipo huko, kwangu ingekuwa kilio.

RAM sasa. T480 ina sloti mbili, hii naipenda kuliko kitu chochote kwenye hii mashine. Ilikuja na GB 8 kwenye sloti moja, nyingine tupu, nikatumia hivyo mwaka mzima, 2022 biashara ya kadi za harusi ilivyochangamka nikanunua 8 nyingine, fundi akatumia robo saa kufungua, kuchomeka na kufunga. Lenovo wameandika mwisho wake ni 32. T490 inayofuata walichomelea moja wakaacha sloti moja, T14 ya kwanza hivyo hivyo, X1 Carbon zimechomelewa zote, MacBook Air ya M1 nayo RAM na diski vyote vimeganda humo humo. Sisemi ni mbaya, M1 ni mashine kali na chaji inakaa, ila ukinunua ya 8 utazeeka nayo ya 8. Kama umependa ya kuchomelewa chukua 16 siku ya kwanza, usijidanganye utaongeza. Kama T480 huipati, HP EliteBook 840 G5 ni ya kizazi hicho hicho, sloti mbili pia, na ni nyembamba kidogo kwa wanaojali kuonekana.

Diski sitaki maneno mengi. SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hata mtu akikupa HDD, ile ya zamani ya kuzunguka, ya TB moja bure, chukua uhifadhie picha, Windows usiiweke humo.

Haya, betri. Sisi wa huku mwisho wa reli tumeishi miaka na miaka na umeme wa majenereta ya dizeli, mtoto wa Kigoma anajua "umekata" kabla hajajua shikamoo. Hii mashine ina betri mbili, moja ndani ya Wh 24 (kipimo cha umeme inaoubeba) na nyingine inachomekwa kwa nyuma, na hiyo ya nyuma zipo za 24, 48 na 72. Inakula ya nje kwanza, kwa hiyo ikiisha unaichomoa unaweka nyingine huku unaandika, ile ya ndani imeshikilia, mashine haizimi. Umeme ukikata printa ndo inakufa, sawa, lakini mi naendelea kuchapa na kupanga picha, kadi ya kamera naichomeka moja kwa moja pembeni maana sloti yake ipo, umeme ukirudi natoa kazi zote kwa mkupuo. Wenzangu wanakuta foleni, mi nakuta hela.

Kabla hujanunua ya mtumba fungua kile kidirisha cheusi cha Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili, humo kuna namba mbili za kulinganisha, betri ilivyotoka kiwandani na inavyojaa sasa hivi. Kama ni nusu, muonyeshe muuzaji, bei inashuka hapo hapo, hana la kusema. Na uizime uingie BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, ukikuta pasiwedi ya ofisi ya watu irudishe hata kama anakuapia. Halafu tazama kibodi jamani! Hizi za kutoka Ufaransa na Ubelgiji A na Q zimebadilishana nafasi, na Kiswahili bila A utaandika nini. Yangu ni ya kawaida lakini hiyo A imeshafutika kabisa, imebaki nyeusi tupu, E bado inaonekana, yan mashine inajua imeishi Tanzania.

Nilikokosea mimi. Skrini. Sikuuliza, nikachukua ile ya 1366 kwa 768 (idadi ya nukta za picha) ya TN, aina ya bei rahisi, kwa sababu kwenye picha zote zinafanana. Ukikaa katikati unaona vizuri, ukikaa pembeni rangi zinageuka kama negativu ya zamani. Na kazi yangu mteja anakaa pembeni, anataka aone jina lake limeandikwaje, na majina yetu ya Kiha marefu ukikosea herufi moja barua imeharibika, basi anainuka anakuja kusimama nyuma yangu ananipumulia shingoni mpaka tumalize. Zipo T480 za 1920 kwa 1080 za IPS, ambazo hata ukiwa pembeni rangi hazigeuki, chukua hizo. Skrini inabadilishika kweli, lakini kila nikiweka hela pembeni inakuja ada ya shule. Kamera yake nayo ni ya kusalimiana tu, usaili wa kazi kwa video nawaambia wateja watumie simu.

Matengenezo mpaka leo: kusafisha feni mara mbili, vumbi la kiangazi linaingia hata ukifunika na khanga, na mara ya pili fundi akabadilisha ile pesti ya prosesa, joto likashuka, kelele ikakata. Na kama unanunua hizi za 2017 mpaka 2019 zenye Thunderbolt, yaani tundu la USB-C lenye kasi zaidi, Lenovo walitoa apdeti ya famuwea yake (programu iliyo ndani ya kifaa chenyewe) kwa ajili ya matatizo ya tundu la USB-C, hakikisha imewekwa kabla hujaanza kuchajia tundu hilo kila siku, mi fundi aliniwekea siku ya kwanza.

Nyota ningetoa nne na nusu, hiyo nusu ni skrini na ni ujinga wangu. Ukiniuliza kama ningeinunua tena leo kwa bei ile ile, hapana, kwa sasa ningesogea kizazi cha 10 au 11 ili niongeze miaka, ila iwe na sloti.

Betri ya nje imeanza kuchoka, inatoa kama saa moja na nusu, nimeagiza ya 72 Dar inakuja na basi. Jirani wa T470 kasikia, na hizi betri za nyuma zinaingiliana, ashaanza kuniita mama mdogo wakati ananizidi umri. Nimemwambia elfu ishirini.