TAHADHARI: Muuzaji wa tiketi za "siku zilizobaki" za Disney World, Orlando. Tumelizwa dola 990

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaochangishana sasa hivi kwa ajili ya safari ya kwanza ya Orlando, naomba msome hili kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna muuzaji mtandaoni anauza tiketi za Walt Disney World, zile bustani za burudani za Orlando, Florida, kwa bei ya kutupa. Anadai ni siku zilizobaki kwenye tiketi za watu waliokwisha kuondoka. Sisi watu wazima sita tulimpa dola 990, na hakuna hata mmoja aliyevuka geti kwa tiketi zake.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini juzi nimeliona tangazo lake tena. Jina jipya, picha ileile: mkono umeshika kadi sita zimepangwa kama karata, chini yake kitambaa cha meza chenye maua. Watu walishaanza kuuliza, "Bado zipo?"

Tulikuwa mimi, dada yangu, shemeji, binamu zangu wawili na rafiki wa dada. Mtoto hakuna. Wote mara ya kwanza, na wote tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hii ni safari ya kubana matumizi. Tulipopiga hesabu, nauli tuliitarajia, chumba tulikitarajia, ila tiketi zilitushtua. Ya siku moja kwa mtu mzima huvuka dola 100 hata katika siku zilizo nafuu, na pale mtu mzima anahesabiwa kuanzia miaka 10, kwa hiyo kwenye kundi letu hakukuwa na wa kulipiwa bei ya mtoto. Kila tukijumlisha, namba haishuki.

Ndipo binamu mmoja akaleta tangazo kwenye kundi letu la WhatsApp: siku tatu, dola 165 kwa kila mtu.

Maelezo ya huyo bwana yalikuwa na mantiki, na hapo ndipo penye hatari. Alisema kuna kundi lilikuja kwenye mkutano, wakanunua tiketi za siku tano, wakatumia mbili, wakarudi makwao. "Zitapotea bure, heri ndugu zangu wafaidi." Mwanzoni tuliwasiliana kwa Kiingereza. Alipogundua tunaongea Kiswahili akabadilisha lugha hapohapo, akawa anamwita dada yangu mama, anatutumia ujumbe wa sauti kutuuliza kama tumefika salama. Mtu anayekujulia hali hivyo unaona aibu kumdai ushahidi. Nawaambia ukweli, lugha yetu ndiyo iliyotumaliza kuliko hata ile bei.

Malipo aliyagawa mara mbili. Dola 495 alitaka kwa PayPal, tena akasisitiza tuchague njia ya kutuma kwa marafiki na familia, eti tusikatwe ada. Shikeni hili neno. PayPal ina njia ya kulipia bidhaa na huduma, na ina njia ya kutuma kwa marafiki na familia. Ya kwanza ina ulinzi wa mnunuzi, ya pili haina kabisa. Muuzaji anayekulazimisha upite njia ya pili anataka usiwe na pa kulalamika. Nusu iliyobaki tulimpa taslimu jioni tulipofika, kwenye maegesho ya hoteli moja. Akatukabidhi kadi sita na kutuonyesha kwenye simu yake kwamba kila moja ina siku tatu zimebaki.

Na kweli zilikuwa zimebaki. Kadi hazikuwa za kughushi, wala siku hazikuwa za uongo. Ndiyo maana hata mimi ninayejiona mwangalifu sikushtuka.

Asubuhi yake tukaenda Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney World. Aliyewahi kufika anajua geti la pale haliko karibu na maegesho: unalipia gari, halafu unavuka kwa kivuko au unapanda treni ya reli moja. Sisi tulipanda kivuko, tumesimama mbele kabisa, binamu anarekodi video jumba la mfalme likitokeza upande wa pili wa maji. Getini shemeji akatangulia. Akagusisha kadi, akaweka kidole. Taa ikawaka buluu: hapiti. Akarudia. Buluu. Nyuma yake binamu yangu alikuwa anakifuta kidole chake kwenye suruali, anakifuta tena na tena, akidhani tatizo ni jasho. Ile picha ya kidole kinachofutwa haijanitoka mpaka leo.

Mfanyakazi wa getini alikuja kwa adabu, akaangalia kwenye kifaa chake, akauliza jina la mwenye tiketi. Jina lililokuwa mle si la shemeji. La pili si la dada. Zote sita zilikuwa za watu wengine. Alitueleza taratibu kwamba tiketi hizi hazihamishiki kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na iliyokwisha kutumiwa inabaki ya yule aliyeitumia kwanza. Sina kinyongo naye. Kosa halikuwa lake.

Sasa nieleze kwa nini, maana nikisema tu "msinunue" wapo watakaojibu kwamba wenzao walinunua wakaingia.

Mtu anapoingia Disney World kwa tiketi mara ya kwanza, mashine husoma kidole chake. Inachohifadhi si picha ya kidole bali namba inayotokana nacho, na namba hiyo inafungwa na ile tiketi. Siku ya pili na ya tatu mashine inauliza swali moja: je, ni yuleyule? Ukiwa na kadi ya mtu aliyeingia Jumatatu, Jumanne wewe ni mgeni mwenye kadi ya mwenzio. Universal, kampuni nyingine yenye bustani za burudani hapo jirani, nao wana njia zao za kumtambua mwenye tiketi. Halafu kuna sheria. Florida ina kifungu cha 817.361 kinachofanya iwe kosa la jinai kuuza tiketi ya siku nyingi isiyohamishika ambayo imekwisha kutumika hata mara moja. Kwa hiyo biashara yenyewe ya "siku zilizobaki" ni kosa, hata kama muuzaji ana roho ya malaika. Usikubali kuambiwa ni mwanya ambao wajanja wanaujua.

Kuna aina nyingine ambayo sisi haikutukuta lakini inafanana: tiketi mpya kabisa zilizonunuliwa kwa kadi ya benki iliyoibwa. Hizi zinaonekana safi, zinaweza hata kuingia kwenye programu ya simu kwa jina lako. Siku mwenye kadi anapopinga malipo, tiketi zinafutwa, na wewe unaweza kuwa njiani. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Nitaziunganisha kwenye akaunti yako kwanza ndipo ulipe," bado hujawa salama. Swali la msingi ni kama huyo muuzaji ametambuliwa rasmi na bustani yenyewe. Wauzaji rasmi wa nje wapo, na wengine hupunguza bei kwa haki. Ila punguzo lao huwa dogo. Likifika nusu ya bei, funga simu.

Msikilizeni pia huyo muuzaji wetu kwa maneno yake. Tangazo lilisema "bustani zote, tarehe yoyote". Disney na Universal ni kampuni mbili zinazoshindana, hakuna kadi moja inayofungua milango ya zote mbili. Ndani ya Disney World kwenyewe kuna bustani nne, Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, na tiketi ya msingi ni bustani moja kwa siku. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine siku hiyohiyo unaongeza hela. Kuhusu tarehe, tangu Oktoba 2018 bei za Disney World hupanda na kushuka kulingana na siku unayoanza. Tiketi isiyobanwa na tarehe ipo, lakini ni ghali zaidi. Haiwezi kuwa ndiyo ya kutupwa.

Jambo jingine ni sisi wenyewe kama kundi. Familia yenye watoto ina mzazi mmoja anayehangaika na kila kitu, anasoma hadi maandishi madogo. Sisi watu wazima sita kila mmoja alidhani mwenzake amehakikisha. Binamu alidhani dada ameuliza, dada alidhani shemeji anaelewa mambo ya mtandao, mimi niliona watano wamekubali nikasema nani niwe kikwazo. Na mambo ya hela kati ya watu wazima yana aibu yake: ukisema "tununue kwa bei kamili" unaonekana huwajali wenye kipato kidogo. Rafiki wa dada alituambia baadaye kwamba alikuwa na wasiwasi tangu siku ya kwanza, akaogopa kuonekana mgeni anayeharibu. Kama kuna mmoja kwenye kundi lenu anasitasita, mpeni nafasi aseme. Mteueni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutilia shaka tu, na hela isitoke mpaka yeye aridhike.

Tulipokosa kuingia tukarudi hotelini, na jioni hiyo tukakutana na kibanda cha "tiketi nafuu kwa watalii". Mwenye kibanda si tapeli kwa maana ileile, lakini mjue mnachoingia. Tiketi zao zinaweza kuwa halali kabisa, ila ili uzipate kwa bei hiyo lazima uhudhurie kikao cha kuuziwa haki ya kukaa kwenye nyumba ya likizo kila mwaka. Wanasema dakika 90. Zinaweza kupita hizo kwa mbali, na wauzaji wanapokezana. Kwa kundi kama letu ni kupoteza siku nzima ya safari ambayo kila saa yake imelipiwa. Aliyekwisha kutia saini kwa kubanwa ajue kwamba sheria ya Florida inampa siku 10 za kuuvunja mkataba huo, kwa maandishi, na hawezi kulazimishwa kuiacha haki hiyo.

Kuhusu nyumba za kupangisha nasema kwa ufupi, maana makundi makubwa hupenda kupanga nyumba nzima kuliko vyumba vya hoteli. Picha huibwa kutoka matangazo halali. Zitafuteni picha hizo mtandaoni kabla ya kulipa, na mwenye nyumba akikwambia mtoke kwenye mtandao mliokutania ili mlipane pembeni, muacheni aende na nyumba yake.

Mimi bado naamini safari hii inawezekana bila mfuko mnene. Unafuu wa halali upo, ila haupo kwenye vichochoro. Tiketi ya siku nyingi inapunguza bei ya kila siku kadiri unavyoongeza siku, kwa hiyo siku nne kwenye tiketi moja si sawa na kununua siku moja mara nne. Sisi watu wazima hatufungwi na likizo za shule, tunaweza kwenda wakati wengine wako kazini, na hiyo peke yake inashusha bei ya geti na ya chumba. Disney World wanaruhusu kuingia na chakula chako na vinywaji visivyo na kilevi, mradi vyombo visiwe vya kioo. Maji ya baridi kwenye gilasi unapewa bure ukiomba kwenye vibanda vya chakula cha haraka. Kwa watu sita, siku tatu, chini ya jua la Florida, hiyo ni hela ya kweli. Nasikitika kwamba haya tuliyajua baada ya kulizwa.

Tuliingia siku iliyofuata, kwa tiketi za siku moja tu, bei kamili, kutoka kwa Disney wenyewe. Ilibidi rafiki wa dada abaki nje kwa sababu hela zake za mfukoni zilikuwa zimekwisha, na hakukubali kulipiwa.

Kama umeshamlipa huyu muuzaji na bado hujasafiri, fanya haya leo, si kesho. Kama ulilipa kwa kadi, piga simu benki uyapinge malipo. Kama ulituma kama sisi, ripoti muamala huko huko ulikopitishia hela, hata kama matumaini ni madogo. Hifadhi picha za mazungumzo yote kabla hajakuzuia, pamoja na namba na majina anayoyatumia. Taarifa peleka kwa tume ya biashara ya Marekani kupitia reportfraud.ftc.gov, na kwa kitengo cha FBI cha uhalifu wa mtandao, ic3.gov. Sisi tumepeleka kote kuwili.

Na ukishalalamika hadharani, atakutafuta mtu anayedai anaweza kukurudishia hela yako kwa ada ndogo ya kuanzia. Kwetu alikuja siku mbili baada ya dada kuandika. Alikuwa na maneno mazuri na barua yenye nembo. Alitaka dola 120. Msimpe.