Darubini ya 10x42 kwa Mwindaji wa Kulungu na Elki

Baada ya misimu miwili ya kuwinda kulungu na elki (aina ya kulungu wakubwa), naithamini darubini hii kuliko bunduki yenyewe. Lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42 na hukuza mara 10, hivyo duara la mwanga linalofika jichoni lina upana wa milimita 4.2, kiasi kilichoniwezesha kutofautisha pembe za dume na matawi makavu alfajiri, wanyama wakiwa bado malishoni. Kutafuta wanyama kwa darubini iliyofungwa juu ya bunduki, badala ya hii ya mkononi, ni hatari kubwa, kwa kuwa mtutu huelekea kila jicho linapotazama, hata kwa mtu. Mkanda wa shingoni wa darubini hii ya mkononi uliniumiza. Nikatumia wa mabegani.