Siku saba melini na kiti changu cha magurudumu: uzoefu wangu

Naanza na mlango wa bafu, maana ndio ulioamua kama ningesafiri au ningebaki. Kiti changu kina upana wa sentimita 64, ukipima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kabini za kawaida za meli nyingi za kitalii zina milango ambayo kiti kama hiki hakipiti, na mlango wa bafu ndio mwembamba zaidi. Kwa hiyo kabla sijauliza habari za bwawa wala burudani za jioni, nilimwuliza wakala: hiyo kabini mnayosema ni ya watu wenye ulemavu, mlango wake wa bafu una sentimita ngapi? Akanijibu, "Usiwe na wasiwasi, ni mpana." Nikamwambia silipi mpaka nipewe namba. Zilipita siku nne ndipo akaniletea. Ni 81.

Natumia kiti cha kusukuma kwa mikono, mwaka wa 11 sasa, tangu niumie uti wa mgongo. Mikono yangu ina nguvu na najihamisha mwenyewe kutoka kitini hadi kitandani. Mwenye kiti cha umeme atapata mambo mengine tofauti na haya, hasa kwenye betri na uzito, kwa hiyo asinichukue mimi kama kipimo chake. Nilisafiri na dada yangu. Tulipandia Barcelona, tukashuka Piraeus, bandari ya Athens, na katikati tukapita Naples ya Italia, Valletta ya Malta na kisiwa cha Santorini, Ugiriki.

Kabini zinazofaa kiti ni chache mno. Meli inaweza kubeba maelfu ya abiria na kabini hizi zikawa za kuhesabika, na wakati mwingine huchukuliwa na watu wasiozihitaji kwa sababu ni kubwa. Mimi niliweka nafasi miezi 10 kabla. Ukipandia bandari ya Umoja wa Ulaya, kuna kanuni namba 1177 ya mwaka 2010 inayokulinda: hawaruhusiwi kukutoza zaidi kwa sababu ya ulemavu, wanatakiwa kukusaidia bandarini ukiwapa taarifa saa 48 kabla, na wakikuharibia kiti wanakigharamia. Ukipandia Marekani, fahamu kwamba mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kuwa sheria yao ya haki za watu wenye ulemavu inazigusa hata meli zenye bendera za kigeni zikiwa kwenye maji yao. Nilizichapa kurasa za ile kanuni ya Ulaya nikaziweka kwenye begi la mkononi, pamoja na katheta, yaani mirija ya kutolea mkojo, za wiki mbili. Begi kubwa hukusanywa bandarini na linaweza kufika kabini usiku. Katheta haziwezi kungoja usiku.

Kabini yenyewe naisifu kwa moyo wote. Kiti kiligeuka duara kamili bila kugusa kitu. Fimbo ya kutundikia nguo ilishuka ukiivuta. Bafuni hapakuwa na kizingiti; sakafu ilikuwa moja, na kigoda cha kukunja kilifungwa ukutani, vyuma vya kushikilia kushoto na kulia. Kasoro niliiona usiku wa pili, bahari ilipochafuka kidogo. Sakafu ya bafu isiyo na kizingiti hutegemea mteremko mdogo kupeleka maji kwenye tundu, na meli ikilalia upande, mteremko nao unageuka. Maji yalitoka bafuni yakafika kwenye zulia. Kuanzia hapo dada alikuwa akitandika taulo mbili mlangoni kabla sijafungua bomba.

Kitanda kilikuwa juu kuliko kiti changu kwa kama sentimita 8. Kushuka si kazi, kupanda ndiyo shida. Mhudumu wa kabini aliniangalia nikijaribu mara moja tu, akaniuliza kama angeweza kutoa godoro jembamba la juu. Alilitoa, na kitanda na kiti vikawa sawa. Sikuwa nimemwomba. Siku saba zote, kila alipomaliza kusafisha, aliacha njia ya kiti wazi: hakuna kiatu, hakuna kimeza, hakuna waya.

Hiyo ndiyo raha ya meli ambayo mtu anayetembea huenda asiione. Nikisafiri nchi kavu, kila hoteli mpya ni mtihani mpya. Choo kiko juu au chini, lifti ipo au imekufa, chumba walichoniahidi wamempa mtu mwingine. Melini nilifungua begi mara moja. Kila asubuhi nilijua mkono utashika chuma kipi, nikifungua pazia nakuta mji mwingine.

Nje ya kabini, adui ni zulia. Korido za meli zimetandikwa mazulia manene, na meli yetu ilikuwa na urefu wa karibu mita 300. Kusukuma kiti juu ya zulia hilo ni kama kusukuma kwenye mchanga laini. Kabini yetu ilikuwa mbele, ukumbi wa chakula nyuma kabisa. Siku ya tatu mabega yaliniuma kiasi cha kuniamsha usiku. Mkichagua kabini, iombeni karibu na lifti za katikati. Na hizo lifti, onyesho la jioni likiisha, hujaa watu wenye miguu mizima wanaokupita na kuingia mbele yako. Tulijifunza kutoka dakika tano kabla ya onyesho kwisha.

Kabla ya kung'oa nanga kuna zoezi la dharura. Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, na mabadiliko hayo yalikuja baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kugonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, mwaka 2012, ambapo watu 32 walikufa. Wakati wa dharura lifti hazitumiki. Nilimwuliza afisa wa usalama: basi mimi nitashukaje? Hakunijibu kwa maneno. Alinipeleka hadi kwenye ngazi, akafungua kabati ukutani, akanionyesha kiti cha kuteremshia watu ngazini, kisha akawaita mabaharia wawili waliopangiwa kabini yangu. Walinishika mkono. Mmoja aliniuliza uzito wangu na upande upi una nguvu zaidi. Usiku ule nililala usingizi mzito.

Naples ilianza vibaya. Nilikuwa nimelipia matembezi ya Pompeii, magofu ya mji wa kale, kwa basi "linalofaa kiti cha magurudumu". Basi lilikuja na ngazi tatu. Kabla sijasema neno, mtu nisiyemjua alikishika kiti changu kwa nyuma akaanza kukiinamisha. Nilipaza sauti: acha! Hakuwa na nia mbaya, lakini kiti changu ni sehemu ya mwili wangu, na mtu haamki tu akamnyanyua mwenzake. Watu wa dawati la matembezi walihangaika, na baada ya saa nzima ikaja gari ndogo yenye lifti. Pompeii kwenyewe kuna njia iliyotengenezwa kwa ajili yetu, zaidi ya kilomita 3, ilifunguliwa mwaka 2016. Unaingilia upande wa uwanja wa Amphitheatre. Saa iliyopotea ilitunyima nusu yake. Nusu iliyobaki niliipita nikisukuma kiti taratibu, kando ya barabara za mawe ambazo magari ya kukokotwa yalizichimba mifereji karne nyingi zilizopita.

Valletta nitairudia hata kesho. Mji umekaa juu ya ukuta mrefu wa ngome na meli inafunga chini yake. Ukitazama kutoka gatini unadhani hutafika. Lakini pembeni kuna lifti, ya mwaka 2012, inayopanda mita 58 na kukutoa kwenye bustani za Upper Barrakka. Tulitoka melini tukasukuma wenyewe, hakuna basi, hakuna kuomba mtu. Tulifika juu kabla ya saa sita mchana, wakati mizinga ya salamu hupigwa. Nilikiegesha kiti kwenye ukingo, nikaitazama meli yetu chini, ndogo kama ya kuchezea, na dada akaniwekea mkono begani bila kusema kitu.

Santorini ndiyo iliyonivunja. Pale hakuna gati la meli kubwa. Meli husimama majini na abiria hupelekwa kwa boti ndogo hadi bandari ya zamani chini ya mji wa Fira, kisha juu unapanda kwa gari la kamba, au kwa punda, au kwa ngazi karibu 600. Nilipoweka nafasi niliuliza kuhusu boti hizo, nikaambiwa, "Utasaidiwa." Asubuhi ile palikuwa na mawimbi. Nilifika hadi kwenye jukwaa la kushukia. Boti ilikuwa ikipanda na kushuka kama nusu mita, na pengo kati yake na jukwaa likifunguka na kufumba. Baharia alinieleza kwa upole: amri ya nahodha, asiyeweza kuvuka kwa hatua zake mwenyewe haendi.

Nilimwelewa. Hata mimi nisingetaka kunyanyuliwa juu ya pengo lile. Dada akasema, "Mdogo wangu, basi tubaki wote." Nikamwambia aende, akaniangalizie. Nilikaa sitaha ya mbele peke yangu, jabali jeusi mbele yangu na nyumba nyeupe juu yake kama chumvi iliyomwagwa, na nililia. Bahari haina kosa. Kosa ni la aliyejua tangu mwanzo kwamba pale hutiwa nanga, akaniambia nitasaidiwa kwa sababu alitaka kuuza safari. Angesema kweli ningechagua njia nyingine, au ningekuja nikiwa nimejiandaa kuitazama Santorini kutoka majini tu.

Athens, siku ya kushuka, tulipanda Acropolis, kilima chenye mahekalu ya kale, kwa lifti ya ukuta wa kaskazini iliyozinduliwa Desemba 2020. Juu kuna njia za zege zinazopitika. Dada alitaka kunisukuma, nikamwomba aniache nilizunguke hekalu la Parthenon kwa mikono yangu.

Ukiniuliza kama nitasafiri tena, nimeshaanza. Safari hii nimemtumia wakala karatasi yenye majina ya bandari tano, na mbele ya kila moja nimeacha nafasi ya neno moja tu: gati au nanga. Amejaza tatu. Bado namsubiri kwa mbili.