Nimeivalisha Argo cheni za katapila nikaiingiza kwenye kinamasi, aliyezama ni mimi

Shem unarekodi? Kweli? Haya. Mambo vipi wadau, karibuni tena, na leo msinishangae nilivyo, hili tope mnaloliona mpaka mapajani sijajipaka, mtaona wenyewe limefikaje huku.

Video iliyopita mmenisema sana. Nusu ya komenti ni "bro toa hilo beseni hapo", nusu nyingine mnaniambia nibadilishe injini niweke kubwa. Beseni nimekubali, ni beseni kweli, beseni lenye matairi manane, lakini injini nimekataa na nitaendelea kukataa, nitawaeleza kwa nini tukifika kwenye tumbo la gari. Sifa zake sirudii, matairi yote yanavuta, springi haina, majini inaelea, mmeshajua. Kwa anayeingia leo, hii ni Argo, kigari cha kupita topeni na majini, inatengenezwa hapahapa Ontario, Kanada, mji wa New Hamburg, tangu 1967, na kutoka Kitchener ninakokaa ni mwendo mfupi tu wa gari. Yangu ni mtumba, imechoka, ila inadunda.

Sasa huku ni April. Theluji ya juu imeyeyuka ila udongo wa chini bado umeganda, maji hayana pa kupenya, yanakaa hapohapo juu yanakoroga tope kama uji wa ulezi. Na ndo msimu ambao Mzee mwenye shamba hili anakusanya utomvu wa miti ya mepo, ule ni maji matupu, wanauchemsha uwe shira, lita arobaini unapata lita moja, kwa hiyo piga hesabu ni maji kiasi gani yanatakiwa yatoke kule msituni. Trekta lake halithubutu. Mimi nambebea madumu kwa beseni langu, yeye ananiachia nichezee kinamasi chake, na chupa moja ya shira juu. Mke wangu chupa anaipenda, tope kwenye gari hapendi.

Haya, mzigo wenyewe. Cheni za raba, kama za katapila, unazizungushia matairi manne ya upande huu na manne ya upande ule. Kampuni siitaji, nimenunua kwa mtu zimetumika, dola 1,800 za Kanada, na mpya ni bei ambayo ukiisikia unakaa chini kwanza. Kuzivalisha nimetumia Jumamosi nzima, nimechubuka vidole vitatu, na kuna spesa za kusogeza matairi nje ili cheni isisugue bodi, mwenzangu aliyeniuzia hakunitajia kabisa hizo spesa, nimezigundua nikiwa nimeshalala chini ya gari. Hilo limeniudhi mpaka leo. Lakini ngojeni muone.

Shem sogea, onyesha hapa chini. Nimepima na tepu. Cheni ina upana wa sentimita 46, na sehemu inayolala chini ni kama 180. Mbili zote ni sentimita za mraba 16,560. Gari, cheni na mimi nikiwa ndani, weka kilo 660. Gawanya. Kila sentimita ya mraba inabeba gramu 40, arobaini tu wadau! Kwenye matairi bila cheni, kwa makadirio yangu lile eneo linalogusa, ilikuwa kama gramu 110. Na mimi hapa, kilo 84 na gumbuti zangu, nikisimama wima miguu miwili ni karibu 170, nikinyanyua mguu mmoja nitembee inakuwa mara mbili yake. Kwa hiyo kihesabu mimi ni mzito kuliko gari. Mnabisha? Shem kaa hapo kwenye gogo usinifuate.

Naingia. Gia ya chini, polepole, sikanyagi mafuta. Angalia... angalia haizami, inabonyea kidogo tu kama mtu anatembea juu ya godoro. Hapa ndo nilikwama wiki mbili zilizopita, ile alama ya kamba kwenye mti mnaiona? Palepale. Sasa nasimamisha. Imesimama, haititii. Nashuka.

Eeeh! Shem usicheke! Shem! Goti hilo limekwenda. Mnaona? Gari liko pembeni yangu hapa, mkono wangu uko juu ya cheni, cheni iko juu ya tope, mimi niko ndani ya tope. Mguu wa kushoto hautoki. Unatoka... mguu umetoka, gumbuti limebaki. Basi. Sina la kuongeza, hiki kitu nakipenda.

Nakipenda lakini, sikilizeni, kukata kona hapana. Hapa lazima nikae kidogo maana ndo kilichonipotezea saa mbili. Hili gari halina tairi zinazogeuka, ukikata kulia breki inashika upande wa kulia, upande wa kushoto unaendelea, gari linazunguka. Kwenye lami sawa. Topeni maana yake unakokota mkanda wa raba wa karibu mita mbili kiubavu kama mtu anayefagia, tope lote linajazana katikati ya cheni na matairi, linasukuma, linasukuma, halafu unasikia "pwaa". Imechomoka. Uko katikati ya kinamasi na kiatu kimoja.

Na kosa lilikuwa langu. Njoo karibu na hii geji. Geji ya kawaida ya gereji usiitumie huku, inaanza kuhesabu mahali ambapo sisi tumeshamaliza, tafuta ya presha ndogo, hii yangu mwisho wake ni PSI 10, PSI ndo kipimo cha upepo wa tairi. Mimi nimezoea, tukiingia topeni natoa upepo mpaka PSI 2, tairi linalala, linapanuka, linashika. Dawa kabisa hiyo, na ni bure. Sasa na cheni nikafanya hivyohivyo kwa mazoea. Kumbe cheni inakazwa na tairi lenyewe! Tairi likinywea cheni inalegea, na tairi moja likiwa na upepo tofauti na mwenzake cheni inapanda upande. Bonyeza hapa Shem, mkono wako, umeona inavyocheza? Hapa nilikuwa na PSI 2. Sasa najaza... nne... tano... yote manane sawasawa. Bonyeza tena. Umeona? Ngumu kama ngoma iliyoanikwa juani. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili, upepo mdogo bila cheni au cheni na upepo wa kutosha, ukichanganya unarudi nyumbani kwa miguu.

Na kona usikate mara moja. Gusa, achia, nenda mbele kidogo, gusa tena. Kama unaongoza ng'ombe mkaidi, ukimvuta kwa nguvu analala.

Sasa injini. Jamani. Gari hili tumbo lake ni bapa kama sinia. Matairi yakizunguka bila kusogea hayakutoi, yanachimba, yanachimba mpaka tumbo linakaa juu ya tope na linanyonya, matairi manane yote yako hewani yanapiga makofi. Injini kubwa inakufikisha hapo haraka zaidi, basi. Mimi badala yake nimepigilia chini karatasi ya plastiki nzito, ile nyeupe inayoteleza kama sabuni, wanaiita UHMW, bolti vichwa vimezama ndani visikwaruze. Sasa likikalia tumbo, winchi, ile mashine ya kuvuta kwa kamba, inavuta linaserereka lenyewe. Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, hiyo plastiki kwanza, cheni baadaye. Najua dakika tano zilizopita nimesema nazipenda. Bado nazipenda! Ila mpangilio ni huo, geji, plastiki, winchi, halafu cheni ukibakiza hela.

Yule aliyeuliza kwa nini nisinunue Sherp, ile ya Kirusi yenye matairi manne makubwa yanayojazwa upepo kwa moshi wa ekzosi. Ndugu yangu, ile inapita dola laki moja za Marekani. Kwa hela hiyo nanunua kinamasi chenyewe. Na aliyetaja Max, zile za matairi sita zilizokuwa zikitengenezwa Buffalo, New York, za kuendesha kwa nyenzo mbili za mkono, zile nazitamani kweli, ni nyepesi, nikipata moja ya bei nzuri mtaiona hapa. Na wewe wa Ifakara uliyeuliza kama cheni zinafaa mashamba ya mpunga, tope la kule nimekulia nalijua, litakubeba bila shida, ila Argo mpya yenye matairi manane ni maelfu mengi ya dola za Kanada kabla ya meli na ushuru, sasa huo mpunga utauza kwa nani.

Tumefika wafuasi elfu nne wadau, asanteni, Jumapili nitakuwa laivu nafungua beringi tuone kama tope limepenya, maana tangu niweke cheni natia grisi kila nikitoka, napampu niple mpaka grisi chafu yote itoke, cheni zinatesa ekseli hilo msidanganyike. Na ukimaliza osha siku hiyohiyo. Usiku huku bado inagonga chini ya sifuri, mara ya kwanza nililala nikaacha, asubuhi tope limeganda mle ndani kama zege, mkanda wa injini unalia na cheni haisogei, nimemwagia birika sita za maji ya moto majirani wanachungulia dirishani.

Kwa hiyo naenda kuosha sasa hivi kabla jua halijazama. Ila gumbuti la kushoto bado liko mle, na ni la Mzee, nimeliazima. Shem weka kamera chini njoo unishikie kamba. Hapana, izime kwanza.